Inaletwa mlangoni Ohio, ni kesi Iringa

Ujumbe uliingia saa tano usiku, nimeshajifunika mablanketi mawili kama kawaida ya Iringa mwezi wa saba. "Kamwene mjomba. Ile bunduki ya mchezo wenu nimeipata. Dola elfu moja na kidogo. Wanaleta mpaka mlangoni, hawaulizi kibali wala nini. Niinunue niwatumie?" Chini yake akaweka picha: bunduki ndefu, mti wake wa rangi ya asali, kitako kimevikwa bati la shaba, mtutu umebanwa kwenye mti kwa pete tatu za chuma. Ukiitazama unaweza kuapa ilibebwa na askari wa mwaka 1860. Kumbe imetoka kiwandani mwaka juzi.

Mpwa wangu huyo anaishi Ohio, Marekani. Mchezo anaousema ni igizo la vita vya Lugalo, ambako Wahehe waliwashinda Wajerumani mwaka 1891, igizo ambalo wanafunzi wa shule moja hapa mjini waliniomba niwasaidie kuliandaa, kwa kuwa nilifundisha historia miaka mingi. Swali lake lilikuwa la kheri kabisa. Kulijibu kulinichukua karibu wiki tatu, maana kila niliyemuuliza alinipa jibu lake, na majibu yote yalikuwa ya kweli, kila moja kwa nchi yake. Nimekutana na watu wengine wenye ndugu ughaibuni wanaouliza swali hilo hilo, na wengine wameshalipa hela. Ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Tuanze na neno "nakala", kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kwa Kiswahili, ukisikia nakala ya bunduki ya kale, akili inakwenda kwenye sanamu: kitu cha kutundika ukutani, mtutu umezibwa, mtambo haufanyi kazi. Bunduki hizi siyo hivyo. Ni bunduki kamili, za chuma kipya, zilizochongwa kwa vipimo vya zile za zamani. Zikishindiliwa baruti na risasi zinaua, na kwa kuwa chuma chake ni cha leo, mara nyingi zinafanya kazi vizuri kuliko zile asilia. Kilichonakiliwa ni umbo na mtambo. Kazi ni ile ile.

Halafu kuna "antiki". Neno hili tumelizoea kwa makochi, saa za ukutani na milango ya Zanzibar, tukimaanisha kitu cha zamani chenye thamani. Kwenye bunduki, antiki ni neno la kisheria, na kila nchi imelikata kwa kisu chake. Ndiyo maana bunduki iliyotengenezwa mwaka juzi inaweza kuitwa antiki Ohio, na gobore lililokaa nyumbani miaka themanini likaitwa silaha tu huku kwetu Kilolo, mkoani Iringa.

Sasa mitambo yenyewe, kwa ufupi, maana sheria zote zinazunguka hapo. Ya zamani zaidi kati ya hizi tunazozijadili ni bunduki ya gumegume: jiwe linagonga chuma, cheche inaingia kwenye kitundu, baruti inawaka. Karne ya 19 ikaleta fataki, kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ndani, kinachopachikwa kwenye chuchu ya chuma na kugongwa na nyundo. Zote mbili zinashindiliwa kwa mbele: baruti, kitambaa, risasi, na mdeki wa kusukumia. Hilo ndilo gobore. Kisha ikaja risasi yenye ganda, ambapo baruti, fataki na risasi vimefungwa pamoja kwenye kopo la shaba na kuingizwa kwa nyuma. Hapo mambo yalibadilika kabisa, kwa sababu mtu aliyekuwa akifyatua mara mbili au tatu kwa dakika sasa alifyatua mara kumi na zaidi.

Angalia jambo moja ambalo hata waandishi wa habari hulichanganya: baruti nyeusi na gobore si kitu kimoja. Baruti nyeusi ni ule mchanganyiko wa zamani wa shura, makaa na salfa, unaotoa moshi mweupe mzito na harufu ya yai viza. Hata bunduki za kwanza za risasi yenye ganda zilitumia baruti hiyo hiyo. Ile isiyotoa moshi ilipatikana Ufaransa mwaka 1884, kwa kazi ya mkemia Paul Vieille. Mauser ya mwaka 1871, iliyobebwa na askari wa Wajerumani waliokufa Lugalo, ilikuwa ya risasi yenye ganda na ya baruti nyeusi kwa pamoja. Hata mwaka 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika huku, askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado wanazo bunduki za aina hiyo, na moshi wake uliwaonyesha adui mahali walipojificha.

(Ukienda Chunya ukataja baruti, watakuelewa vingine tena. Kwa wachimbaji wa dhahabu baruti ni ile ya kulipulia mwamba. Nimesikia mtu akidhani kwamba kwa kuwa mgodini baruti ipo, basi ya gobore nayo itapatikana huko. Ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya ni kifo.)

Turudi Ohio. Sheria ya Marekani ya kudhibiti silaha ya mwaka 1968 inasema silaha ya antiki haihesabiwi kuwa "bunduki" kwa maana ya sheria ya serikali kuu. Antiki kwao ni za aina tatu. Ya kwanza ni silaha yoyote iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla. Ya pili ni nakala ya silaha ya namna hiyo, mradi isiwe imeundwa kutumia risasi za ganda za kawaida. Ya tatu ni bunduki au bastola ya kushindilia kwa mbele iliyoundwa kwa baruti nyeusi au mbadala wake, isiyoweza kutumia risasi za ganda. Aina hii ya tatu ina kipengele cha tahadhari: ikiwa imejengwa juu ya fremu, yaani kiunzi kinachobeba mtambo, ya bunduki ya kisasa, au inaweza kugeuzwa kirahisi itumie risasi za ganda, inatoka kwenye antiki.

Maana yake ni nini dukani? Bunduki ya mpwa wangu, nakala ya Enfield ya 1853 iliyokuwa ya askari wa Uingereza, ni ya kushindilia na ya fataki. Kwa serikali kuu ya Marekani, kuinunua ni kama kununua jembe: unalipa, inaletwa. Lakini hapo hapo, kwenye duka lile lile, kuna nakala ya bastola ya Colt ya mwaka 1873, nayo inaonekana ya kale vile vile, na unaweza kuipiga kwa baruti nyeusi. Hiyo ni bunduki kamili kisheria, inauzwa kupitia muuzaji mwenye leseni, na mnunuzi anachunguzwa, kwa sababu inatumia risasi yenye ganda. Na hapa ndipo kizunguzungu kinapokamilika: Colt ya 1873 iliyotoka kiwandani kweli miaka ya 1880 ni antiki, kwa kuwa imetengenezwa kabla ya 1899. Kwa hiyo ile ya asili iko huru na nakala yake imefungwa, ilhali kwa Enfield ya asili na nakala zote ziko huru. Ukishika kanuni hii moja huwezi kupotea: kwa kitu cha zamani wanatazama mwaka wa kutengenezwa, kwa kitu kipya wanatazama mtambo.

Juu ya hilo, majimbo yana sheria zao. New Jersey, kwa mfano, haikubali ulegevu huo, na nakala ya kushindilia inahitaji karatasi kama bunduki nyingine. Mpwa wangu angekuwa anakaa huko, ujumbe wa saa tano usiku usingeandikwa.

Nilipousoma ule mwaka wa 1898 nilishtuka kidogo. Kwa Mmarekani ni mstari tu uliochorwa kwenye sheria. Kwetu Iringa ni mwaka ambao Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi, tarehe 19 Julai, kuliko kukamatwa na Wajerumani waliokuwa wakimwinda tangu ngome yake ya Kalenga ilipoanguka mwaka 1894. Kichwa chake kilikatwa, fuvu likaenda Ujerumani, likatajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na likarudi mwaka 1954. Kwa hiyo bunduki zote zilizopigwa katika vita vile, za pande zote mbili, leo ziko upande wa "antiki" kwa kipimo cha Marekani.

Nchi nyingine zimechora mstari pengine. Ichukue bunduki ile ile ya mpwa wangu uizungushe. Ujerumani inatazama muundo: bunduki ya risasi moja yenye mtambo wa fataki, ya muundo uliobuniwa kabla ya tarehe 1 Januari 1871, mtu mzima anaweza kuinunua bila kibali, hata kama ni mpya. Bastola ya silinda, inayopiga mara sita, haimo humo. Na baruti yenyewe haitoki bila kibali maalumu cha milipuko, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na bunduki halali asiweze kuipa chakula. Uingereza ni kali zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayosema ukweli kuhusu kitu chenyewe: antiki ya asili ukiiweka kama pambo au kumbukumbu inasamehewa, lakini nakala haipewi msamaha wowote. Enfield mpya ina mifereji ya msokoto ndani ya mtutu, basi inahitaji cheti cha bunduki. Gumegume mpya yenye mtutu laini na mrefu inahitaji cheti cha shotigani. Baruti nyeusi ina cheti chake peke yake. Hoja yao haina mafumbo: kitu kilichotengenezwa jana hakiwezi kuwa cha kale.

Umoja wa Mataifa nao una itifaki ya mwaka 2001 kuhusu silaha. Inaacha kila nchi iamue antiki ni nini na nakala yake ni nini, ila inaweka ukuta mmoja: silaha iliyotengenezwa baada ya 1899 haiwezi kuitwa antiki. Mtu akikuambia "Umoja wa Mataifa umeruhusu nakala", mwambie haujaruhusu kitu. Umeiachia nchi yako.

Na nchi yetu je?

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu bila historia sheria yetu itaonekana ya ukorofi tu. Gobore kwetu halikuwa mchezo wala kumbukumbu. Katika karne ya 19 bunduki za Ulaya zilizopitwa na wakati zilimiminika Zanzibar na kupanda bara pamoja na misafara ya pembe na watumwa, makumi ya maelfu kwa mwaka ilipofika miaka ya 1880. Jeshi la Ulaya likipata bunduki mpya, ya zamani iliuzwa kwetu. Ndipo mwaka 1890 mataifa yakakutana Brussels na kutia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa, na ndani yake wakabana silaha: bunduki za mifereji na za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa vibali maalumu. Za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida, ziliachiwa mwanya. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski kiliingia kwenye mtego wa Wahehe pale Lugalo, kando ya barabara tunayopita leo kwenda Morogoro. Wahehe walikuwa na mikuki mingi na magobore machache. Mambo yakaisha kwa dakika chache, Zelewski akafa, na bunduki za kisasa zipatazo 300 zikaangukia mikononi mwa Wahehe.

Nilipokuwa nafundisha nilipenda kuwauliza wanafunzi: kwa nini gobore lilidumu vijijini kwetu miaka mia baada ya Ulaya kuliacha? Walikuwa wakijibu, "Kwa sababu ya umaskini, mwalimu." Umaskini ulikuwepo, lakini sheria ilitangulia. Tangu Brussels, na baadaye enzi za Waingereza, bunduki nzuri zilikuwa za Mzungu, na Mwafrika wa kawaida aliyepata kibali aghalabu alipewa cha gobore. Tulibakishwa kwenye mtambo wa zamani kwa makusudi. Kwa hiyo mtambo ambao Marekani uliingia kwenye makumbusho na baadaye ukawa burudani ya mwisho wa wiki, kwetu uliendelea kufanya kazi: kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori, kuwinda, na pia, tuseme ukweli, kuua tembo wa Ruaha na kutisha watu njiani.

Babu yangu wa Kilolo alikuwa nalo moja, lenye kibali. Nalikumbuka kwa mikono kuliko kwa macho. Mti wa kitako ulikuwa umelainika kama mpini wa jembe la zamani, na karibu na nyundo palikuwa na alama nyeusi ya kuungua isiyofutika. Pembe ya baruti ilining'inia juu ya meko lakini upande wa pili, mbali na cheche, na watoto tulikatazwa hata kuitaja jina jioni. Akitoka kupiga alirudi na macho mekundu ya moshi, na kabla ya kula alichemsha maji akauosha mtutu, maji yakitoka meusi, kisha kijivu, kisha meupe. Sikujua sababu hadi ukubwani: masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu, na yakilala usiku mmoja ndani ya mtutu, kutu imeshaanza. Wanaonunua nakala hizi Marekani wanafanya vile vile leo, maji ya moto na sabuni, siku hiyo hiyo.

Babu alipofariki, baba mkubwa alilifunga gobore kwenye mkeka akalipeleka polisi. Wajomba walinung'unika, wakasema ni urithi. Alikuwa sahihi. Kibali cha silaha ni cha mtu. Hakiendi na shamba wala ng'ombe. Mwenye nacho akifa, silaha inakabidhiwa polisi, na mrithi anayeitaka anaanza maombi yake mwenyewe. Ninajua nyumba ambazo gobore la marehemu bado liko darini kwa sababu tu hakuna aliyewaambia hivyo, na vipindi vya msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari vinatangazwa na kupita wakiwa wanaogopa kujitokeza.

Sheria inayotawala sasa ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Jambo la kukaa nalo kichwani ni kwamba mahakama zetu zimesikiliza kesi nyingi mno ambazo kielelezo chake ni gobore, mashtaka yakisomwa chini ya kifungu cha 20 cha sheria hiyo pamoja na sheria ya uhujumu uchumi. Sizungumzii makosa ya faini ya kituoni. Ni kesi za uhujumu uchumi, na watu wamefungwa miaka mingi kwa mtutu mmoja wa kushindilia. Mbele ya hakimu, hoja ya kwamba huko ilikonunuliwa haihesabiwi kuwa bunduki haina pa kusimama. Kuiingiza nchini kunahitaji kibali kabla haijapanda chombo, na kuimiliki kunahitaji leseni, ambayo maombi yake yanaanzia serikali ya kijiji au mtaa, yanapita kwenye kamati za usalama na polisi, hadi kwa Msajili wa Silaha. Kuipitisha mpakani Tunduma au Kasumulu badala ya bandarini hakubadilishi lolote, kunaongeza tu nchi nyingine yenye sheria yake.

Wakala mmoja wa mizigo tuliyemuuliza alitushauri tuandike "pambo la ukutani" kwenye fomu. Alisema hivyo kwa wepesi, kama mtu anayekushauri uongeze chumvi. Nilimwambia mpwa wangu akate simu. Huyo wakala angepokea hela yake na kwenda zake. Aliyeandikiwa mzigo ndiye angeitwa kituoni, na aliyeandikiwa ningekuwa mimi, pamoja na jina la shule.

Kuna sheria nyingine ambayo wenye vitu vya kale kweli hawaifikirii. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kwa hiyo kama ukoo wenu una gumegume ya zamani kiasi hicho, unakabiliwa na mambo mawili kwa pamoja: ni silaha kwa upande wa polisi, na inaweza kuwa ya urithi wa taifa kwa upande wa mambo ya kale, isiyotoka nchini bila ruhusa. Wapo wanunuzi wa vitu vya kale wanaozunguka vijijini wakiuliza mikuki, vigoda na magobore. Kabla ya kuuza, nenda Boma, makumbusho ya mkoa pale mjini Iringa, ukaulize. Wale watu wanapokea maswali vizuri.

Kwa ndugu zetu walioko kwenye nchi zinazoruhusu, na wanaopenda kitu hiki kwa historia yake, nina ya kuwaambia pia, maana duka halitawaambia yote. Nakala nyingi nzuri zinatoka bonde moja la Italia, Gardone Val Trompia, mkoa wa Brescia, ambako watu wamefua mitutu kwa karne nyingi. Biashara hii ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Mmarekani Val Forgett alipokwenda kutafuta mafundi wa kumtengenezea bastola za enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kumbukumbu ya miaka mia ya vita hivyo ikikaribia. Uberti, Pedersoli na Pietta ndiyo majina utakayoyaona zaidi. Geuza bunduki utafute mihuri midogo iliyogongwa kwenye chuma: ya Italia ina herufi PN, yaani baruti nyeusi, na nyingine ndani ya kisanduku inayoonyesha mwaka. Mihuri hiyo inasema mtutu ulijaribiwa kwa baruti nyingi kuliko ya kawaida na haukupasuka. Hiyo ndiyo karatasi yako ya kweli.

Bunduki za India ni nafuu sana, na nyingi zinauzwa kitundu cha moto hakijatobolewa, kusudi zisafiri kama vitu visivyopiga. Watu wanazitoboa nyumbani wakaanza kupiga. Mtutu huo haujawahi kujaribiwa na yeyote, na wa kwanza kuujaribu ni uso wako. Kwenye bastola za silinda, angalia fremu. Ile ya shaba ya njano inang'aa na bei yake iko chini, lakini shaba ni laini, na kwenye Colt zisizo na daraja juu ya silinda, baruti nyingi huivuta fremu kidogo kidogo hadi silinda inacheza. Chuma cha pua kinadumu. Na kama unanunua kwa ajili ya ukweli wa historia, kumbuka Colt Navy ya 1851 ilikuwa ya tundu la inchi 0.36. Ukiuziwa ya inchi 0.44 yenye jina hilo, umbo ni la zamani na kipimo ni cha soko.

Kuhusu baruti siwezi kusema kwa upole. Kwenye mtutu wa nakala utasoma maneno yanayoamuru baruti nyeusi tu. Baruti ya kisasa isiyo na moshi, hata kijiko kile kile, inajenga presha ambayo mtutu na mtambo wa namna hii haukuundwa kuibeba, na matokeo yake ni vipande vya chuma mkononi na usoni. Zipo mbadala zilizotengenezwa maalumu, kama Pyrodex, na hizo zinakubalika. Wala baruti ya aina yoyote haipandi ndege ndani ya begi lako.

Mpwa wangu alinisikiliza yote haya kwa simu mbili ndefu, kisha akauliza swali ambalo nilipaswa kulianza nalo mimi: "Hivi mjomba, hiyo Enfield ilikuwepo Lugalo kweli?" Kwa askari wa Zelewski, hapana, wao walibeba Mauser. Kwa Wahehe, mkuki ndio ulioamua siku ile. Tulikuwa tunahangaikia bunduki isiyo na nafasi kwenye igizo lenyewe.

Tulikwenda kwa fundi seremala mmoja wa Mlandege, hapa mjini, na mbao za paina za Sao Hill. Fundi alitaka kuweka kipande cha bomba la maji mahali pa mtutu ili zionekane za kweli, na nilimkatalia pale pale, kwa kuwa bomba na kitako cha mti ndivyo vinavyookotwa kwenye magobore ya kienyeji, na sikutaka mtoto wa kidato cha pili akutwe navyo njiani. Akachonga mtutu wa mti mtupu, duara, akaupaka dawa ya viatu nyeusi hadi ukang'aa. Zilitoka kumi na mbili. Kituo cha polisi tulikitaarifu kabla ya siku ya onyesho, na siku yenyewe askari wawili walikuja wakakaa mstari wa mbele. Mikuki tuliifanya mingi kuliko bunduki.

Mpwa wangu aliangalia kwa simu, kule kukiwa asubuhi. Baada ya lile shambulio la kwanza, uwanja ulipojaa wingu la kijivu na watoto wakapotea ndani yake, akaandika: "Mjomba, baruti mmetoa wapi?" Nikamjibu ni majivu ya jikoni kwa mama lishe wa shule, yaliyochekechwa kwa chekecheke la unga, ndoo mbili.